Dirisha la Tarakimu Tano

Asubuhi ile Nakijwa alikuja kusomewa namba akiwa amesuka nywele upya.

"Wifi," aliniita kutoka upande wa pili wa kioo, "leo nisomee taratibu. Usinikimbize kama mtu anayetangaza mpira."

Waliopanga foleni nyuma yake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Wote walikuwa wameiona namba yake ya jana ukutani, imeandikwa kwa chaki nyeupe: 0.0001. Katika karantini yetu hapakuwa na namba iliyotisha kuliko hiyo.

"Weka mkono," nilimwambia.

Aliingiza mkono kwenye bangili ya kipimo. Sauti yake ilinifikia kupitia spika ndogo iliyokuwa juu ya kichwa changu, na yangu ilimfikia pale tu nilipobonyeza kitufe chekundu. Kioo kati yetu kilikuwa kinene kama tofali. Chumba cha kusomea kilikuwa na watu wawili tu, mimi na mwenyekiti wetu Mbonea, aliyevaa funguo za Wodi ya Ndani shingoni.

Bangili ilifanya kazi yake. Kwenye skrini zilitokea zile alama tatu za mashine, >>>, ambazo maana yake ni kwamba mashine inangoja kuulizwa. Niliandika jina la Nakijwa na neno leo, nikabonyeza. Ikajibu hapo hapo.

9.6114

Sikubonyeza kitufe chekundu.

*

Tulikuwa watu sitini na watatu tulipofungiwa, wafanyakazi wa mtambo wa maji kwenye uwanda wa magadi. Kazi yetu ilikuwa kumwaga chembe visimani. Chembe zilikuwa mashine ndogo kuliko vumbi, zilizotengenezwa ili zile floridi iliyokuwa ikiyafanya meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia na kuikunja miguu yao. Zilikula floridi kweli. Baadaye zikaanza kuzaliana ndani ya damu yetu, maana damu nayo ni maji. Mtu akiwa na chembe nyingi, zilianza kumla mifupa.

Serikali ikajenga ukuta. Sheria iliyobandikwa kwenye mlango wa nje ilikuwa ya mstari mmoja: atatoka yule ambaye kipimo chake ni sifuri.

Kipimo kilihesabu chembe katika kila tone la damu. Chini ya moja, unalala na wenzako ukumbini. Ukizidi moja, unaingia Wodi ya Ndani, ambako hewa haitoki, na hakuna aliyetoka huko akitembea. Hatukuitunga amri hiyo kwa ukatili. Mwezi wa kwanza fundi Charema alilala na 0.6 akaamka na 8, na wawili waliolala vitanda vya jirani naye wakafa ndani ya wiki tatu. Kutoka siku hiyo tukakubaliana kwamba aliyepanda hangoji hata chai.

Mimi nilifanywa msomaji kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na sauti yangu haitetemeki. Mashine ilipenda kusema sana. Ukiiuliza kipimo cha mtu inakutajia tarakimu kumi na sita, kumi na saba, hadi mwisho wa mstari, na mwanzoni nilizisoma zote. Zikaleta ugomvi. Mama mmoja alimwambia mwenzake kwamba namba yake inaishia na saba ndiyo maana ana husuda. Bwana mmoja akalalamika kwamba mwenzake kasomewa tarakimu kumi na saba na yeye kumi na nne, kwa nini apunjwe? Walishikana mashati juu ya tarakimu ya kumi na mbili.

Mbonea alikuwa msimamizi wa zamu tangu enzi za mtambo, mtu wa haki mpaka kero. Alichukua boksi la majani ya chai, akakata kipande, akatoboa dirisha dogo, akakibandika kwenye skrini kwa gundi ya bomba. Dirisha lilionyesha tarakimu tano na nukta yake, basi.

"Kuanzia leo," alisema, "kila mtu tano. Hakuna mwenye zaidi, hakuna mwenye pungufu."

Tulipiga makofi. Nilipiga na mimi.

Miezi ikapita, watu wakaanza kupona. Namba zilishuka ukutani, 0.0210, 0.0064, 0.0009. Tulingoja siku tutakayoandika 0.0000. Haikuja. Kila aliyefika 0.0002 au 0.0001 alirukia ghafla kwenye nane, kwenye tisa, kama Charema. Tukasema chembe zikikaribia kufa hukasirika. Ikafika mahali mtu akishuka chini ya 0.0010 anaacha kula vizuri, anaanza kugawa vitu vyake. Kuna waliodiriki kuomba dua wasipungue.

Kumi na mmoja waliingia ndani kwa njia hiyo. Wa sita alikuwa mume wangu, Elirehema, kaka yake Nakijwa. Nilimsomea mwenyewe, 9.7431, kwa sauti ile ile niliyowasomea wengine. Alisimama pale pale aliposimama Nakijwa leo, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Umesoma vizuri, Namsifu," aliniambia. "Hukutetemeka."

Aliishi siku kumi na tisa.

*

"Amepanda?" Mbonea aliuliza. Alikuwa ameshaiona. Alishafungua daftari la wodi, kalamu mkononi. "Kwa kiasi gani?"

Daftari lilikuwa na safu tatu: jana, leo, na tofauti. Tofauti nilizoea kuitoa kichwani, hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Siku hiyo kichwa kilikataa. Nilitazama 9.6114 na 0.0001 na sikuweza kuziweka moja chini ya nyingine. Nakijwa alikuwa mtu wa mwisho wa nyumba yetu. Usiku wa msiba wa kaka yake alilala nami kitanda kimoja, akiniwekea mguu wake juu ya wangu ili nijue hajaondoka.

Kwa hiyo niliiomba mashine initolee. Niliandika Nakijwa wa leo, kutoa Nakijwa wa jana.

-2.388

"Andika tisa nukta sita," alisema Mbonea. "Hiyo moja ya elfu kumi iache."

"Ina alama ya kutoa."

"Nini?"

"Tofauti, mwenyekiti. Imetoka hasi."

Alivaa miwani yake, akainama. "Umeandika kinyume. Umetanguliza jana."

Nilirudia taratibu, naye akifuata kila herufi kwa kidole. Jibu likawa lile lile.

"Basi mashine imeharibika."

"Kubwa kutoa ndogo haiwezi kuwa hasi," nilisema. "Mashine hii haijawahi kukosea kutoa. Hasi maana yake leo ni ndogo kuliko jana."

"Tisa ni ndogo kuliko sifuri?"

Nilipeleka ukucha kwenye pembe ya boksi la chai. Gundi ilikuwa imekauka, ikaachia kwa sauti ndogo. Chini yake mstari mzima ulikuwa unangoja.

9.611402775318846e-05

Mbonea alisema, "Hicho kimkia ni nini?"

Nilihisi nimewahi kukiona. Tukiwa kidato cha tatu tulikuwa na kikokotoo kimoja watu wanane, na kilikuwa na tabia ya kutema e kila ulipokipa kitu kidogo mno. Mwalimu wa fizikia alituambia kikokotoo kimechoka kuandika masifuri. Sikutaka kuamini kumbukumbu. Nilifanya kile unachofanya na mtu usiyemwamini, nikaiuliza mashine jambo ambalo jibu lake nalijua.

Nikaandika 0.001. Ikanirudishia 0.001.

Nikaandika 0.0001. Ikanirudishia 0.0001.

Nikaongeza sifuri moja, 0.00001.

1e-05

Nilikaa nikiitazama. Ndivyo mashine ile ilivyofundishwa kusema na watu. Hadi moja ya elfu kumi inavumilia kupanga masifuri. Ukishuka chini ya hapo inayatupa, inaileta mbele tarakimu ya kwanza yenye thamani, halafu inaandika mkiani ni mara ngapi uisogeze nukta kushoto. Kumi na mmoja wetu walikuwa wameshuka chini ya hapo. Walipona kupita kiasi cha kutosha dirishani.

"Nieleze," alisema Mbonea.

"Sogeza nukta mara tano." Niliandika kwenye pembe ya daftari lake: 0.000096. "Hii ndiyo namba ya Nakijwa. Hajapanda. Ameshuka."

Mbonea akafunua kurasa za daftari kurudi nyuma, akiwa na haraka sasa, akipita majina. Nilijua anapokwenda, kwa sababu na mimi nilikuwa njiani. Niliandika jina la Elirehema na tarehe ile.

9.743118206550417e-05

Nilisogeza nukta kwa macho tu. Sikuandika.

*

"Wifi!" Spika iligutuka. "Mmelala huko? Kama nimepanda sema tu, nguo nimeshafunga. Hata hizi nywele nimesuka ili nisiende kuwachekesha wa ndani."

Mtu alicheka nyuma yake, akakohoa.

Mbonea aliweka mkono wake juu ya kitufe chekundu, kukifunika. "Ngoja. Kwanza niulizie Nanzia."

Nanzia alikuwa mke wake. Alikuwa na siku ya tisa Wodi ya Ndani, mmoja wa wanne waliokuwa hai bado. Mbonea mwenyewe ndiye aliyemfungulia na kumfungia. Niliandika jina lake na tarehe aliyoingia. Nane nukta tisa, halafu mstari mrefu, halafu mkia ule ule. Alikuwa ameingia mzima.

"Wa leo," alisema.

Waliokuwa ndani walivaa bangili zao, lakini hakuna aliyewahi kuuliza namba ya mtu baada ya mlango kufungwa. Niliandika. Mashine ikajibu.

3.081754420916337

Niliifuata hadi tarakimu ya mwisho. Mbonea naye aliifuata, akapitisha kidole kwenye skrini baada ya ile saba ya mwisho, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta swichi.

"Mkia uko wapi?"

"Hauna."

"Tazama tena."

"Hauna mkia, mwenyekiti. Hiyo ni tatu. Ameipata huko ndani."

Alikaa chini. Kiti kilikuwa nyuma yake kwa bahati. Alivua miwani akaishika mapajani, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

"Sikiliza, mama," alisema baadaye. Hakuwahi kuniita mama. "Mashine hii inakubali kupunguza tarakimu. Nilikuwa naona mafundi wakifanya. Unaiambia isiende zaidi ya tatu baada ya nukta."

"Najua."

"Ifanye."

Niliandika amri, jina la Nakijwa na tatu. Skrini ikajibu kwa herufi tatu tu, safi.

0.0

Miezi kumi na minne tuliingoja namba hiyo. Niliiona ndogo.

"Isome hivyo," alisema Mbonea. "Sema Nakijwa amefika sifuri. Nje wanaona ukutani kwa kamera, watafungua. Kesho unamsomea mwingine hivyo hivyo. Mwezi huu ukiisha wote ukumbini wametoka, hakuna atakayeingia mlango ule tena. Si ndicho unachotaka?"

"Na wanne walio ndani?"

"Wale wameshapanda. Umeona mwenyewe."

"Na waliokufa?"

"Waliokufa, waliuawa na chembe." Alinitazama. "Waache wameuawa na chembe, Namsifu. Wewe ulisoma. Mimi nilifungua mlango. Unataka watu hawa walale na hilo? Unataka ulale nalo?"

Sitasema kwamba sikutamani. Kidole changu kilikuwa kimeshafika pembeni ya kitufe, na mdomoni nilikuwa nimeshalipanga neno sifuri. Lingemwondoa Nakijwa mahali hapa kabla jua halijapanda. Lingemwacha Elirehema kuwa mtu aliyeugua akafa, kama watu wengine wanavyougua wakafa.

Lakini haikuwa sifuri. Huko nje kulikuwa na visima. Charema alianza na 0.6, na sisi hatukujua kama 0.000096 inaweza kufanya vile vile kwa mwaka, kwa miaka miwili, ndani ya mtu anayechota maji na wengine. Labda isingefanya. Hakuna aliyepima, kwa sababu kila aliyefika hapo tulimfungia na wagonjwa. Na dirisha la tarakimu tatu lingesema sifuri pia kwa mwenye 0.0004. Tungekuwa tumekata boksi jingine la chai.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililonishika. Wale wanne wa ndani walikuwa wakiamini miili yao iliwasaliti. Nanzia alikuwa amekaa kule akiamini hivyo.

"Toa mkono," nilimwambia Mbonea.

Hakuutoa.

"Mwenyekiti, nimewasomea watu hawa mwaka na zaidi. Toa mkono."

Sijui kwa nini aliutoa. Nadhani alikuwa amechoka kuwa mtu wa haki na hakujua kuwa mtu mwingine.

Nilibonyeza.

"Nakijwa," nilisema. "Nakusomea yote. Usinikatize."

"Haya, mtangazaji."

"Tisa. Nukta. Sita, moja, moja, nne..."

Nilisikia foleni ikishusha pumzi kwa pamoja. Nakijwa aliinama kuchukua furushi lake la nguo.

"...sifuri, mbili, saba, saba, tano, tatu, moja, nane, nane, nne, sita. Bado sijamaliza. E. Kutoa. Sifuri tano."

Aliinuka, furushi kifuani. "Ndiyo nini hiyo?"

Nikawaeleza. Niliwaeleza kama nilivyoelezwa darasani, kwa nukta inayosogea, na nilipoona hawanifuati nilichukua chaki nikaandika kwa herufi kubwa kwenye ubao mdogo, namba ya mashine juu na namba yenye masifuri yake chini, nikaugeuzia kwenye kioo. Bwana aliyewahi kulalamikia tarakimu zake alikuwa wa kwanza kuelewa. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo siendi ndani," alisema Nakijwa.

"Huendi."

"Na nje?"

"Nje pia bado. Sheria inasema sifuri. Hii ni ndogo, lakini si sifuri. Kesho itakuwa ndogo zaidi, na keshokutwa. Sijui kama itafika. Itabidi tuwaambie wa nje hivyo hivyo ilivyo, waamue wao."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Yaani nimesuka bure."

Wawili watatu walicheka naye. Yeye aliacha kabla yao. Niliiona sura yake ikibadilika, polepole, kama mtu anayefanya hesabu kichwani na hapendi inakoelekea. Aliliweka furushi chini. Alikuja karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Wifi," alisema. "Na kaka je?"

Mbonea alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka. Kitufe kilikuwa bado chini ya kidole changu, na kila mtu ukumbini alikuwa ananisikia nikipumua.

"Elirehema alikuwa amepona," nilisema. "Siku niliyomsomea alikuwa mzima kuliko wewe ulivyokuwa jana."

Hakupiga kelele. Nilingoja apige. Ningeshukuru. Alinitazama tu kupitia ule ukungu, akautoa mkono wake kwenye bangili, akaufuta kwenye gauni, kisha akasogea pembeni, hatua mbili, kumpisha aliyekuwa nyuma yake.

"Endelea kusoma," alisema bila kunitazama. "Watu wanasubiri."

Mwanamke aliyefuata akaweka mkono wake kwenye bangili. Nikaandika jina lake.